Anayeliona Bomu Mwanzo Si Askari

Kila askari wanapomaliza kozi ya kutafuta viripuzi, picha zinazotoka ni zile zile. Mmoja kavaa nguo nzito na kioo cha uso, mwengine kashika mashine ya kubaini chuma, pembeni meza imejaa vifaa na mgeni rasmi anaonyeshwa kimoja kimoja. Na sisi Zanzibar tukianza kulizungumza jambo hili, mazungumzo huanzia kwenye meza hiyo na kuishia hapo hapo: mashine ziko ngapi, nani katoa msaada, nyengine zinakuja lini. Sina ugomvi na mashine. Ila anayejua kozi hizi zinavyokwenda atakwambia kuwa mashine huingia kazini mwishoni, na sehemu ngumu ya mafunzo haipigwi picha kwa sababu haina cha kupigwa.

Sehemu hiyo ni kusoma mahali. Askari wa msako akifundishwa kutafuta bomu tu, atalikosa, kwa sababu aliyelitega kazi yake yote ilikuwa kulificha. Kwa hiyo hufundishwa kuijua hali ya kawaida ya pahala, kisha kugundua kilichozidi na kilichopungua. Mama anayechagua mchele kwenye ungo hatafuti mawe. Macho yake yameshazoea punje, na kisichokuwa punje hujitenga chenyewe. Huko ndiko askari anakotakiwa afikishwe, kwa tofauti kwamba mama akikosea mtu atatafuna jiwe.

Chukua nyumba ya kawaida ya Jang'ombe, hapa mjini Unguja: vyumba vinne, ukumbi katikati, uani kuna karo la kufulia na kisima kilichofunikwa kwa bati. Mkufunzi anayejua kazi yake akiitumia kwa zoezi, hataficha kitu chini ya kitanda, maana huko kila mtu atachungulia. Atatia kufuli jipya kwenye mlango wa stoo ambao siku zote hufungwa kwa kamba. Atafukua udongo kidogo karibu na karo kisha aurudishie, lakini udongo wa chini una rangi nyengine na kuku bado hawajaukanyaga. Atasogeza pipa la taka hatua chache, liwe karibu na njia. Kisha ataleta kundi la askari, asimame pembeni anyamaze.

Wasiofundwa hukimbilia ndani. Waliofundwa husimama nje kwanza, tena kwa muda mrefu mpaka anayewatazama anachoka. Wanatazama wapi pa kuingilia, wapi mtu hana budi kupita upenyo mmoja tu, na dirisha gani au mti gani unampa mtu aliye mbali nafasi ya kuona nani kafika. Mtegaji hutega pale anapojua mtu atapita, na mara nyingi huwa ameshajichagulia pa kukaa na kutazama.

Baada ya hapo ndipo zinakuja kanuni ambazo askari hukariri mpaka akazisema usingizini. Mojawapo ni ya mita 5 na mita 20: ukisimama mahali pa wasiwasi, kabla hujashuka garini unakagua kwa macho mita 5 kukuzunguka, na ukikusudia kukaa unaupanua ukaguzi ufike mita 20. Nyengine ni ya mtu mmoja. Pahala penye shaka anaingia mmoja, wenzake wako mbali, naye anatoka kwa njia ile ile aliyoingilia na kuitia alama. Ikilazimu kuchokoa ardhi, analala kifudifudi na kukiingiza kijiti cha chuma kwa mshazari wa kama nyuzi 30, ili kikigusa kitu kiguse ubavuni. Juu, kwenye kichwa, ndiko mabomu mengi ya kutegwa ardhini hupokea uzito wa mguu. Anachokoa, anasogea upana wa kidole, anachokoa tena. Kazi hiyo inachosha akili kuliko mikono, na mtu aliyechoka akili huanza kuona anachotaka kuona, ndiyo maana hupokezana baada ya muda mfupi.

Kanuni kubwa kuliko zote ni kwamba anayetafuta siye anayetegua. Akikiona kitu, anasimama, anatia alama, anarudi kwa njia yake na kutoa taarifa. Kutegua ni fani nyengine. Viwango vya kimataifa vya kazi hii, vilivyotolewa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001, vinaigawa kwa madaraja, na mwenye daraja la chini haruhusiwi kugusa kilicho juu yake. Kwa kijana wa jeshi hili ndilo somo gumu. Tangu ukuruta amefundishwa kwenda mbele, na hapa anaambiwa ushujaa wake ni kurudi nyuma kwa adabu na kumwachia mwengine.

Sasa lipo swali ambalo meza ya vifaa haiwezi kulijibu. Hiyo hali ya kawaida ya Jang'ombe, nani anaijua? Haijui askari aliyehamishiwa Unguja juzi kutoka Songea, hata awe hodari vipi. Anaijua mama anayechoma mandazi barazani tangu alfajiri. Anaijua kijana wa bodaboda anayeegesha pale pembeni, na mwalimu wa madrasa, na wazee wanaocheza bao mpaka magharibi. Wao ndio watakaosema kwamba kufuli lile jana halikuwepo. Askari aliyefundishwa vizuri analijua hilo, na swali lake la kwanza kwa mwenyeji halihusu bomu hata kidogo: leo mbona watoto hawachezi hapa? Msako unaanza kwa kuuliza, na kuuliza kunataka mtu aliye tayari kujibu.

Hapo ndipo Zanzibar ilipo na tatizo lake, na hakuna msaada wa vifaa utakaolitatua.

Kabla sijaambiwa natia watu hofu, niseme wazi kuwa sisi si Angola wala Msumbiji ya zamani. Visiwa hivi havikupiganiwa vita vya kupanda mabomu mashambani. Mkarafuu wa Pemba mtu anaupanda akiogopa kuanguka, basi. Lakini bandari ya Unguja ilipigwa mizinga mara mbili ndani ya miaka 18. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za Kiingereza zililishambulia jumba la Sultani la Beit al-Hukm kwa muda usiofika saa nzima, makombora yapata 500, na meli ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama mbele ya mji. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga hapo hapo inatengenezwa mitambo, ikaipiga mpaka ikazama. Walikufa mabaharia 38, na makaburi yao yako kisiwani Chapwani. Mabaki ya Glasgow yalivunjwa mwaka 1912, ya Pegasus yakauzwa chuma chakavu mwaka 1955. Makombora yaliyokosa shabaha hayakuuzwa.

Na kombora halizeeki likapoa, kama watu wanavyodhani. Waingereza wa zama za Pegasus walikuwa wakijaza baadhi ya makombora yao asidi ya pikriki, ambayo ikikaa miaka mingi imegusana na shaba au risasi hufanya chumvi zinazoweza kuripuka kwa mtikisiko mdogo. Kwa hiyo ukikuta chuma chenye umbo la chupa pwani ya Forodhani au kwenye msingi unaochimbwa Malindi, kutu yake isikutulize. Na sasa hivi hakuna mahali hapachimbwi. Mtu anayeinua kitu namna hiyo si askari, ni kibarua mwenye sururu, au mtoto anayeokota vyuma vya kwenda kupima kwa kilo.

Halafu yapo ya karibu zaidi. Mwaka 2014 Mji Mkongwe ulisikia miripuko, Februari karibu na kanisa la Anglikana la Mkunazini na karibu na mgahawa wa ufukweni, kisha Juni pale Darajani, ambapo mhubiri wa Kiislamu aliuawa na wengine wakajeruhiwa. Mabomu hayo yalikuwa ya kutengenezwa kienyeji. Darajani ya jioni mtu hupita akigusana mabega na wenzake. Hapo mashine ya kubaini chuma ni mzigo tu, kwa sababu kila kitu ni chuma. Kinachobaki ni jicho la muuza vitambaa anayejua kwamba mfuko ule hauna mwenyewe.

Kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni baruti ya baharini. Tanzania Bara ilipiga marufuku uvuvi wa baruti tangu mwaka 1970, na miaka zaidi ya arobaini baadaye ulikuwa bado unavuma. Mwaka 2015 watafiti walipita na chombo pwani yote ya Bara wakisikiliza kwa vinasa sauti vya chini ya maji, wakarekodi miripuko 318 kwa muda wa kama mwezi mmoja, zaidi ya nusu ikiwa maeneo ya Dar es Salaam. Mkondo unaotutenganisha na Dar hauna ukuta. Wavuvi wa Kojani, Pemba, hawavui mbele ya nyumba zao, hao hukaa dago, yaani kambi za uvuvi, Mafia, Kilwa, Tanga, miezi kwa miezi. Wanakutana na chupa iliyotiwa utambi ikashindwa kuripuka, wanakutana na fungu la vijiti lililofichwa mawambani. Kama kuna watu ndani ya Jamhuri hii ambao kila wiki wanaweza kuona kiripuzi kwa macho yao, ni hao.

Sasa mfikirie mmoja wao. Kavuta nyavu karibu na Kisiwa Panza, imekuja na kifurushi cha plastiki kilichofungwa kwa waya. Anajua ni nini. Afanye nini? Akikirudisha majini, kesho kitanaswa na mwenzake. Akikipeleka diko, pale vyombo vinapoegeshwa, kitakuwa katikati ya watu. Akipiga simu, atatajwa jina. Ataulizwa alikuwa wapi saa hiyo, na nani, kwa leseni gani, na baruti kaijulia wapi hata akaitambua. Chombo kitazuiwa kwa uchunguzi. Nahodha atamwambia, "Mwanangu, tupa hicho, twende zetu." Na huyo nahodha si mtu mbaya, anafanya hesabu. Katika hesabu yake kiripuzi ni hatari ya mara moja, na kutajwa kituoni ni hatari ya mwaka mzima.

Hesabu hiyo haikuanza kwenye uvuvi. Januari 2001, maandamano ya upinzani yalipozimwa kwa risasi, Pemba iliwaona askari kwa namna ambayo watu hawajaisahau. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilitaja vifo 31, na waliovuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya, walikuwa wengi mno. Aliyekuwa na miaka kumi wakati ule leo ni mtu mzima mwenye chombo chake. Ukimwambia askari yuko hapa kwa usalama wako, atakuitikia kwa heshima zote, "Ahsante sana mkuu," na hatokwambia kitu. Mkufunzi wa msako akiletwa kutoka Embakasi, pale Kenya ilipoanzisha pamoja na Uingereza mwaka 2005 chuo cha kufundisha majeshi ya ukanda huu kazi za mabomu ya ardhini, anaweza kutufundisha yote niliyoyaeleza juu. Hili la mkuu na mvuvi hawezi kutufundisha, ni letu.

Na si kwamba watu wa visiwa hivi ni wazito wa kusaidia. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, waliotoka na mashua na ngalawa kabla ya jua kuchomoza walikuwa wavuvi. Mwaka uliofuata Skagit ilipozama karibu na Chumbe hali ilikuwa hiyo hiyo. Hakuna aliyesubiri amri, wala hakuna aliyeogopa kuulizwa alikuwa wapi. Mtu akiokoa maiti baharini hatuhumiwi kuizamisha meli. Akiokota baruti, anatuhumiwa kuipiga. Tofauti ya mambo mawili hayo ndiyo inayoamua kama taarifa itafika au haitafika, na tofauti hiyo wanaitengeneza wenye kupokea taarifa, yaani serikali.

Mfano wa upande wa pili tunao, wa kusikitisha. Aprili 29, 2009 ghala la mabomu la jeshi liliripuka Mbagala. Februari 16, 2011 likaripuka la Gongo la Mboto. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20, wengine wa Mbagala wakizama mtoni katika kukimbia, na makombora yasiyoripuka yakatawanyika kwenye viwanja vya watu. Jeshi lilitangaza wananchi wasiguse kitu na watoe taarifa. Kazi iliyofuata ilikuwa msako hasa, nyumba kwa nyumba, na haikuwezekana bila wenye nyumba kusema, "Afande, huku nyuma ya choo lipo moja." Waliweza kusema hivyo kwa sababu kila mtu alijua makombora yale ni ya nani. Hakuna mwenye nyumba aliyekuwa na cha kujieleza. Waziri wa Ulinzi matukio yote mawili yakitokea alikuwa Dk. Hussein Mwinyi, ambaye leo ni Rais wetu. Kwa bahati, au kwa bahati mbaya, tunaye kiongozi aliyeliona jambo hili kwa karibu kuliko mwanasiasa yeyote wa hapa, na sioni kwa nini mapendekezo ninayoyatoa hapa chini yaonekane mageni mezani kwake.

Niseme kidogo kuhusu panya, maana kila nikilianzisha somo hili mtu hunitajia panya. Ni kweli nchi yetu ina sifa hapo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Ottawa, unaopiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini, mwaka 2000, ikamaliza kuteketeza ya kwake mwaka 2004, zaidi ya 22,000, ikabakisha machache ya kufundishia. Morogoro, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Sokoine na jeshi letu, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa viripuzi kwa muda wa kama miezi tisa, na mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Panya anamaliza eneo la uwanja wa tenisi kwa nusu saa, mtu na mashine yake siku kadhaa, na ni mwepisi hata akilikanyaga bomu haliripuki. Mimi najivunia. Lakini panya ni wa uwanja uliopimwa ukazungushiwa kamba, ambako tayari unajua kuna mabomu. Darajani hana kazi, na kwenye chombo cha Mkojani hana kazi.

Umuhimu wa somo hili kwa vijana wetu wenyewe hauna mjadala. Kikosi cha Tanzania kilichopo Jamhuri ya Afrika ya Kati kinafanya doria magharibi ya nchi ile, kikiwa na makao yake Berbérati, ambako barabara zilianza kutegwa viripuzi. Mwishoni mwa 2021 walinda amani wetu watatu walijeruhiwa gari yao ilipokanyaga kimoja. Vijana wa Unguja na Pemba wamo humo jeshini kama wa mikoa mengine. Huko pia, kinachomwambia dereva asimame ni kijiji kilichokuwa na soko jana na leo hakina mtu. Anayekuja kukunong'oneza kwamba njia ile usipite ni mwanakijiji. Askari aliyezoea nyumbani kuongea na raia kama mtu anayehitaji kitu kutoka kwake atasikilizwa na kule. Aliyezoea kuamrisha, huko ataamrisha kwa Kiswahili ambacho hakisikiki, na njia ataijulia mwenyewe.

Ningependa basi kozi zijazo zinazofanyika hapa ziwe na jambo moja ambalo halimo kwenye picha: siku nzima, au mbili, za kuuliza. Zoezi lisifanyike ndani ya kambi ambapo majani yamefyekwa na nyumba ni za mbao za mfano. Lifanyike Wesha, Kojani, Mkokotoni, na wenyeji wenyewe ndio wapangaji wa vitu vya kuonwa. Mvuvi apewe nafasi ya kuwatahini askari: nimebadilisha vitu vitatu kwenye chombo changu, nitajie. Nina hakika raundi ya kwanza askari watapata sufuri. Hapo ndipo wataanza kumheshimu yule mzee, naye ataanza kuwaona ni watoto wanaojifunza.

La pili ni la kisheria, na ndilo zito. Anayetoa taarifa ya kiripuzi alichokikuta asishikiliwe, chombo chake kisizuiwe, na jina lake lisiandikwe kwenye daftari la watuhumiwa. Polisi wamekuwa wakitangaza vipindi vya msamaha kwa watu kusalimisha silaha haramu kwa hiari, kwa hiyo msamaha si kitu kigeni kwao. Ila kwa viripuzi utaratibu ule haufai kunakiliwa ulivyo. Bunduki unaibeba unaipeleka kituoni. Kiripuzi ukimwambia mtu akisalimishe, atakitia kwenye pakacha apande nacho daladala mpaka Chake. Kinachosalimishwa hapa ni habari tu, kitu kibaki kilipo. Wapo watakaosema mlango huo utatumiwa na wapiga baruti wenyewe kujisafisha. Watatumia wachache, ndiyo. Mpiga baruti anayepiga simu kusema alipoficha mzigo wake amenipunguzia mzigo mmoja wa baruti baharini, na mimi hapo sioni hasara.

La tatu ni nani anapigiwa. Ulinzi na Polisi ni mambo ya Muungano. KMKM, yaani Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, wenye boti na wapiga mbizi, ni kikosi cha Serikali ya Mapinduzi, na Zimamoto na Uokozi vivyo hivyo. Kamisheni ya Maafa nayo ipo. Kwenye karatasi kila mmoja ana mipaka yake na huenda mipaka hiyo ni mizuri. Mvuvi wa Kisiwa Panza haijui na hana haja ya kuijua. Kwa kawaida angeambiwa aanzie kwa sheha, na hapa tuseme kweli: sheha wengine ni watu wa watu, wengine raia huwaona ni macho ya chama, na ukimpitishia habari nyeti mtu asiyeaminika umeiua habari. Diko lina kamati yake ya wavuvi ya shehia, iliyochaguliwa na wavuvi wenyewe. Kamati hiyo ndiyo ningeifundisha mwanzo, kwa lugha rahisi: usiguse, usivute, usipige simu ukiwa umesimama juu yake, ondoka kwa njia uliyojia, zuia watoto, kumbuka mahali kwa alama za nchi kavu kama unavyokumbuka mwamba wako wa kuvulia. Mambo haya nusu siku yanatosha, na hayahitaji mfadhili.

Nimeshawahi kuambiwa na watu wa usalama kuwa kuwafundisha raia mambo haya ni kufungua siri. Siri gani? Hakuna anayependekeza mvuvi aonyeshwe bomu linavyoundwa, na wale wapiga baruti walishajua kuunda bila kufundishwa na serikali. Anachofundishwa raia ni kusimama na kurudi nyuma, na hilo adui hawezi kulifanyia kazi yoyote. Ukiyaficha hayo unayaficha kwa mtoto anayeokota vyuma tu.

Kozi inayofuata ikifungwa, na mgeni rasmi akishamaliza kutazama meza, aulize jambo moja: kwenye zoezi la baharini, tangu mvuvi alipopiga simu mpaka kamba ya kwanza ya kuzuia watu ilipofungwa pale diko, zilipita dakika ngapi, na simu hiyo ilipokelewa na nani. Jibu liandikwe gazetini pamoja na picha. Na kama hakukuwa na mvuvi kwenye zoezi, basi hilo pia liandikwe.